Maada ya giza tuisake kwenye joto na redio

Setelaiti Uhuru, iliyorushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco nje ya pwani ya Malindi, ndiyo iliyogundua mipigo ya eksirei ya Centaurus X-3, nyota ya nyutroni inayopiga mara moja kila baada ya sekunde 4.8 hivi. Siku hizi chombo cha NICER, kilicho kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga tangu 2017, husoma mipigo ya aina hiyo kwa undani hadi kukadiria ukubwa wa nyota. Mwaka 2019 timu mbili ziliipa nyota ya nyutroni PSR J0030+0451 nusu kipenyo cha kilomita 13 hivi. Makadirio hayo huchukulia kuwa nje ya nyota hakuna kitu kizito. Baadhi ya wananadharia wanauliza: je, itakuwaje nyota ikizungukwa na wingu la maada ya giza, ile isiyotoa mwanga ambayo inaizidi maada ya kawaida takriban mara tano ulimwenguni? Asilimia chache tu za uzito wa nyota zingepinda miale zaidi, umbo la mpigo libadilike, na kipimo chetu kipotoke.

Hesabu yao naikubali. Shaka yangu ni kiasi. Katika eneo letu la galaksi, nyota ikinasa maada hiyo kwa miaka bilioni 10 haifikishi hata sehemu moja ya trilioni ya uzito wake. Watetezi hujibu kuwa huenda nyota huzaliwa nayo, ndani ya mlipuko wa supanova. Inawezekana. Ila tabia ya nyutroni zilizoshindiliwa ndani ya nyota hizi nayo haijajulikana vizuri, kwa hiyo nyota ikionekana ndogo kuliko ilivyotarajiwa, kipimo hicho kimoja hakiwezi kuamua sababu ni ipi.

Joto na redio vinaweza kutoa ushahidi ulio wazi zaidi. Chembe za giza huiangukia nyota kwa kasi inayozidi nusu ya kasi ya mwanga, na kishindo hicho pekee kinaweza kuiweka nyota kongwe kwenye kelvini 1,700 hivi, wakati ingekwisha kupoa chini ya 1,000. Mtu atasema msuguano wa ndani nao huleta joto. Ni kweli, hivyo nyota yenye joto haithibitishi kitu. Lakini moja tu iliyo kongwe ikikutwa baridi, aina nyingi za chembe zinazodhaniwa zitakanushwa. Aksioni, aina mojawapo ya chembe za giza zinazodhaniwa, kama zipo, zinaweza kugeuka mawimbi ya redio ndani ya usumaku mkali wa nyota, kwenye masafa yanayopangwa na uzito wa chembe yenyewe, na mstari mwembamba wa redio namna hiyo ni vigumu kuuchanganya na kitu kingine. Darubini ya Green Bank, Marekani, imeshautafuta upande wa kitovu cha galaksi bila kuupata, na kuukosa huko kumepunguza uwanja wa msako. Saa za darubini ni chache. Kabla ya kuzitumia kunoa kipimo cha nusu kipenyo kwa nusu kilomita nyingine, heri darubini ya anga ya James Webb ielekezwe kwenye nyota za nyutroni kongwe zilizo karibu nasi, hata kama kila moja itahitaji kutazamwa kwa saa nyingi.