Jamani, Tusinunue Hicho Kiboksi!

Ndugu msomaji, hebu kaa kitako nikupe ugomvi wetu, maana hela inayogombewa ni ya toleo litakalofuata hili ulilolishika mkononi.

Sisi tuko saba. Kila Jumamosi alasiri tunakutana sebuleni kwa mama yangu, Sakina, tunasomeana tulichoandika, tunachambuana bila huruma, tunakunywa chai ya tangawizi. Kwenye kopo tuna shilingi laki mbili na ushee, za uchapaji. Sasa majuzi mweka hazina wetu, chalii mmoja mjanja wa Ngarenaro, kaja na hoja: tununue kiboksi cha kuchomeka kwenye televisheni ya mama, ile bapa ya inchi 32, tuangalie filamu za dunia nzima kwa intaneti, tujifunze kuandika filamu. Jarida litasubiri. Wanne wakashangilia. Mimi nikasema hapana, nikaitwa mshamba. Haya, mshamba anajibu.

Kwanza nisieleweke vibaya. Mimi si wa kundi la wazee wanaolia kwamba televisheni inaua usomaji. Bara tulikaa bila kituo cha televisheni mpaka mwaka 1994, wenzetu Zanzibar wakitazama ya rangi tangu miaka ya 70, na sijasikia kwamba ukame huo ulituzalia kina Shaaban Robert kumi. Filamu nazipenda kupita kiasi. Nimekulia kwenye vibanda vya video, benchi la mbao, jasho, na sauti ya Lufufu ikimfunika mzungu. Mnamkumbuka Lufufu? Derek Mukandala. Anachukua mkanda wa kigeni, anauzungumza Kiswahili juu kwa juu, anaeleza, anakejeli, anaongeza chumvi yake, na mama muuza vitumbua asiyejua neno la Kiingereza anatoka pale anaisimulia hadithi nzima mpaka mwisho. Kile kilikuwa kipaji. Alikuwa anainyang'anya filamu kwa wenyewe na kuifanya yetu. Kiboksi kitamletea mama yangu maandishi yanayokimbia chini ya kioo, naye miwani yake ilivunjika tangu Pasaka.

Tuje kwenye hesabu, maana washairi tunaogopa hesabu. Filamu yenye picha safi inakula karibu GB 3 kwa saa. Ukikubali picha yenye ukungu, karibu GB 1. Mweka hazina anasema ni saa mbili tu za Jumamosi. Muongo! Kiboksi kitalala kwetu, na wadogo zangu watatu hawalali. Saa mbili kila usiku kwa siku 30 ni saa 60, yaani GB 180. Bando hilo nani ananunua? Bado ada ya mwezi, bado LUKU. Waulizeni watu wa Poli na Akheri, huko chini ya Meru, wanaofuga ng'ombe bandani. Watakwambia bei ya ng'ombe si ile uliyomlipa mwenyewe mnadani, ni majani unayomkatia kila siku ya Mungu.

Na waya wenyewe ukikatika je? Mei 12, 2024 nyaya za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu, nchi nzima tukabaki tunatazama kiduara kinazunguka. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima, ikakaa hivyo kwa siku kadhaa. Siku zile, wakati kila mtu alitaka kujua jirani yake amelala salama, kiboksi kingekuwa jiwe la kuzuilia mlango. Karatasi ya jarida ilisomeka. Mimi mwenyewe nilisoma toleo letu la zamani kwa mshumaa, na makosa yake ya chapa nikayasamehe.

Halafu kiboksi chenyewe anachokitaka ni kile cha bei ya kutupa, kisicho na jina, alichokiona dukani Barabara ya Sokoine. Juni 2025 FBI ya Marekani ilitoa onyo kuhusu viboksi vya namna hiyo: vingine vinakuja na programu haramu tangu kiwandani, vinaifanya intaneti ya nyumba yako njia ya wezi. Tutakuwa tumemwalika mwizi sebuleni kwa mama, tukamkaribisha na chai.

Mweka hazina ana hoja moja inayonibana, na sitaificha. Anasema mtu hawezi kuandika filamu bila kutazama filamu. Kweli. Ananikumbusha kwamba Binti ya Seko Shamte, iliyotoka 2021, iliingia Netflix, na vijana wa Arusha wenye nia hiyo hiyo hawana pa kuitazama ila kwenye simu ya kuazima. Kweli tena. Nakosa usingizi kwa hoja hiyo.

Lakini mtazame Amil Shivji. Mwaka huo huo wa 2021 alitoa Vuta N'kuvute. Aliitoa wapi? Kwenye riwaya ya Adam Shafi, kitabu cha karatasi kilichochapwa 1999. Mtu mmoja aliandika, mtu akachapa, miaka ikapita, ndipo kamera ikaja. Sisi kamera zilitutangulia! Hatari! ya mwaka 1962, ya Howard Hawks na John Wayne, ilipigwa hapa hapa, Momella, miguuni pa Meru. Hata Hardy Krüger, mmoja wa waigizaji, alipapenda akanunua shamba pale pale. Jina la Kiswahili, mlima wetu, vifaru wetu, na hadithi haina hata sentensi moja iliyoandikwa na Mmeru. Miaka zaidi ya 60 imepita. Na hela ya kwanza tuliyowahi kukusanya sisi tunaoandika, tunataka tuipeleke kununua kioo cha kuwatazamia wengine tena?

Nimetoa pendekezo langu: toleo litoke kwanza, ndani yake iwepo hadithi moja iliyoandikwa kama filamu, na Jumamosi moja kwa mwezi tuchangishane bando dogo, tutazame filamu moja kwenye simu ya mwenye simu kubwa, tuichambue kama tunavyochambua mashairi. Wamecheka. Wacheke.

Mama, mwenye televisheni, tulimuuliza mwishowe. Aliuliza swali moja tu: hicho kidude kitaleta taarifa ya habari ya saa mbili? Nikamwambia mpaka kuwe na bando. Akasema basi kabla ya yote nikamnyooshee antena, upepo wa mlimani umeipinda.

Kura tumeiahirisha mpaka toleo hili lisomwe. Na kwa taarifa ya mweka hazina, kopo limehama kabatini.