Kibali cha Moshi Kisigeuzwe Stakabadhi ya Ada

Kuna dhana iliyoota mizizi humu nchini kwamba mwenye kiwanda akishapata kibali cha mazingira, basi mjadala umefungwa. Karatasi hutiwa fremu, ikatundikwa ukutani nyuma ya meza ya meneja, na jirani anayelalamikia moshi huambiwa kuwa serikali imeruhusu. Nionavyo mimi, dhana hii ni ya hatari, na mahali pa kuanza kuikosoa ni darasani, kwa kuwa watakaoivuta hewa hiyo kwa miaka mingi zaidi ni wanafunzi wetu.

Sheria yenyewe haikukiona kibali kwa jicho hilo. Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999 inamtaka anayekusudia kujenga kiwanda cha aina hii afanye kwanza tathmini ya athari kwa mazingira. Ripoti yake hufikishwa kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, NEMA, na umma hualikwa kutoa maoni. Leseni ikitolewa huambatana na masharti, na kiwanda hutakiwa kufanyiwa ukaguzi mara kwa mara. Atoaye hewa chafu huhitaji leseni ya jambo hilo pia. Zaidi ya hayo, NEMA ina uwezo wa kuisimamisha au kuifuta leseni iliyokwisha kuitoa. Kwa hiyo kibali ni ahadi yenye masharti. Anayeivunja ahadi hana haki ya kuendelea kuishikilia karatasi.

Lakini sheria nzuri bila msimamizi ni kama ngoma bila mpigaji. Hebu tukumbuke yaliyotokea katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa. Mnamo mwaka 2007 kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu ili kupata madini ya risasi kilianza kazi kando ya nyumba za wakazi wapatao 3,000. Bi. Phyllis Omido, aliyekuwa mwajiriwa wa kiwanda hicho, alisimamia utayarishaji wa ripoti ya athari kwa mazingira ilhali tanuri zilikuwa zimekwisha kuwashwa. Yaani swali liliulizwa baada ya jibu kutekelezwa! Ripoti ilipoonyesha kuwa mahali hapo hapakufaa, ushauri haukufuatwa. Baadaye mtoto wake mwenyewe akapatikana na sumu ya risasi mwilini. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, na mwaka uliofuata Bi. Omido akatunukiwa Tuzo ya Goldman kwa juhudi zake.

Mwalimu yeyote anapaswa kuijua sumu hii. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama, na kwamba mwili wa mtoto mdogo huweza kufyonza mara nne hadi tano zaidi ya ule wa mtu mzima. Risasi hudhuru ubongo unaokua, ikapunguza uwezo wa kujifunza na wa kutulia. Ni mara ngapi tumemwita mtoto mzito wa kuelewa, au mtundu asiyesikia, bila kuuliza anaishi karibu na dohani gani?

Wakazi walikwenda mahakamani mwaka 2016. Mnamo Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Mombasa iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, na NEMA ikawa miongoni mwa waliopatikana na lawama. Mahakama ya Rufaa iliitengua fidia hiyo mwaka 2023, na Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024. Wahenga walinena kuwa mchuma janga hula na wa kwao. Hapa waliochuma faida walikwenda zao, na janga likaachiwa majirani ambao hawakuonja hata senti ya faida hiyo. Tena hakuna fidia iwezayo kumrudishia mtoto akili iliyodumaa.

Linganisha hayo na Lamu. Mwaka 2016 NEMA ilitoa leseni ya kujenga mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa megawati 1,050. Wakazi walikata rufaa, na mnamo Juni 2019 Baraza la Kitaifa la Mazingira likaifuta leseni hiyo, kwa sababu kubwa kwamba umma haukushirikishwa ipasavyo. Hapakuwa na moshi wala mgonjwa bado. Tofauti ya kesi hizi mbili ni wakati: Lamu walisema mapema na wakasikizwa na baraza; Owino Uhuru walisikizwa baada ya sumu kuingia damuni.

Najua wapo watakaosema kuwa vibali vikali huwafukuza wawekezaji na kuwanyima vijana ajira. Hoja hiyo si ya kupuuzwa, maana njaa nayo huua. Hata hivyo, mfanyakazi ndiye wa kwanza kuivuta hewa ya kiwanda, na kazi inayomlipa mtu mshahara ili aupeleke wote hospitalini si ajira ya kujivunia. Mwekezaji mwaminifu hatishwi na sheria iliyo wazi na inayomhusu kila mtu. Linalomkera ni kuona mshindani wake akiikwepa bila kuguswa.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, masharti ya kila leseni yabandikwe kwenye lango la kiwanda kwa Kiswahili sanifu, ili mpita njia ayajue. Pili, muhtasari wa ripoti ya tathmini upelekwe kwa kila shule iliyo jirani kabla ya leseni kutolewa. Ripoti yenye mamia ya kurasa za Kiingereza cha wataalamu haiwezi kuitwa mashauriano na umma. Tatu, matokeo ya ukaguzi yatangazwe hadharani kama tutangazavyo matokeo ya mitihani.

Walimu na wanafunzi nao wasingoje. Kifungu cha 42 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, na kifungu cha 70 kinamruhusu kwenda mahakamani bila kulazimika kuthibitisha kuwa kuna aliyekwisha kudhurika. Chama cha mazingira shuleni kisiishie kupanda miche siku ya wageni. Kiweke daftari: moshi ulitoka lini, ulikuwa wa rangi gani, wangapi walikohoa. Kisha wanachama wamwendee meneja kwa adabu na kumwomba awasomee masharti ya kibali kilichotundikwa ukutani mwake.