Maternelle ya mtaani: mzazi aulize nini kabla ya kulipa?

Tangu Septemba 2019, masomo ya msingi ni ya bure katika shule za serikali, pamoja na zile zinazosimamiwa na makanisa yetu. Lakini kifungu cha 43 cha Katiba kinataja shule ya msingi tu. Mtoto wa miaka 3 hadi 5 amebaki nje ya ahadi hiyo. Ndiyo sababu maternelle ndogo za watu binafsi zinafunguliwa hata ndani ya viwanja vya nyumba, na mzazi ndiye anayelipa yote.

Shule hizo zinasaidia. Mama anayeshinda sokoni anahitaji mahali pa kumwacha mtoto. Hatari ni kuchagua kwa kutazama sare nzuri na mtoto anayekariri Kifaransa. Sheria ya elimu ya 2014 inakubali lugha za taifa, Kiswahili kikiwemo, zitumike kufundishia. Mtoto wa miaka 4 anayeulizwa na kujibu kwa lugha ya nyumbani anajifunza kufikiri, si kukariri tu.

Basi, wazazi wapendwa, nendeni siku ya kazi, saa za masomo, bila kutoa taarifa. Hesabuni watoto kwa kila mwalimu. Tazameni choo, maji ya kunawa na mlango wa uwanja. Ombeni kuona kibali cha serikali.

Kisha ulizeni swali ambalo vita imelifanya kuwa zito: mwalimu analipwaje? Benki zilipofungwa Goma na Bukavu mwaka 2025, baada ya miji hiyo kutwaliwa na AFC/M23, familia nyingi zilikosa pesa mkononi. Shule ndogo huishi kwa ada ya wazazi peke yake. Ada ikikoma, mwalimu huondoka, na mtoto hubaki na mtu asiyemjua.

Swali la mwisho: risasi zikisikika saa nne asubuhi, nani anaruhusiwa kumchukua mtoto? Shule iliyo tayari ina orodha ya majina na namba za simu. Isiyo na orodha, msiilipe bado.

Makanisa nayo yanaweza kusaidia. Kumbi zetu nyingi hukaa wazi Jumatatu hadi Ijumaa. Parokia inayokopesha ukumbi wake inapunguza kodi ya shule, na ada inaweza kushuka kwa familia zilizohama makwao.