STIMA IKIPOTEA, ANGALIENI NANI AMEKETI KARIBU NAWE



Wiki hii stima imepotea usiku mara mbili hapa Roret, na mara zote mbili simu yangu imejaa ujumbe wa aina moja: Pasta tuombee, adui ametuzimia taa. Nimeomba. Lakini leo niruhusuni niseme jambo ambalo si kila mtu atalipenda. Si kila giza ni la shetani.

Giza lingine ni la mikaratusi. Sisi wenyewe tumeipanda mpaka chini ya nyaya, na watu wa stima wakija kukata matawi tunawafukuza. Mvua ikija na upepo, mti unalalia waya, ndipo tunaanza kukemea pepo. Giza lingine ni la mafuta ya transfoma, yanaibwa usiku na kununuliwa mchana na mtu anayejua vizuri yametoka wapi, na Jumapili anainua mikono. Na kuna lile ambalo kwa jirani taa zinawaka. Hapo stima haijapotea, ndugu yangu. Tokeni imeisha, na pesa ya tokeni ilienda kwa kubeti. Hiyo usimwekee shetani.

Wala hatuko peke yetu. Ijumaa usiku, 25 Agosti 2023, karibu nchi nzima iliingia giza, hata abiria kwenye uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta wakakaa gizani. Jumapili 10 Desemba mwaka huo huo, ikawa tena. Kwa hivyo acheni kuulizana ni nani amewaroga.

Kinachonisumbua mimi ni kingine. Fungua Kutoka 10, mstari wa 21 hadi 23. Tunapenda kuhubiri uzito wa lile giza la Misri, lakini angalia lilifanya nini kwa watu. Siku tatu hawakuonana, na kila mmoja akabaki pale pale alipokuwa.

Sasa niambie kama hiyo si sebule yako saa mbili usiku, stima ikiwa iko. Baba yuko kwa habari. Mama anaangalia status za watu. Kijana yuko chumbani, ameziba masikio na muziki. Msichana yuko TikTok. Taa zote zinawaka na hakuna anayemwona mwenzake. Chakula kikiiva kila mtu anachukua sahani anarudi mahali pake. Maombi ya jioni ni Amina moja ya haraka, kama yapo. Hiyo ndiyo Misri ninayoiogopa, na haijaletwa na mvua.

Msinielewe vibaya. Mradi wa Last Mile ulipoanza 2015 na bei ya kuunganishiwa stima ikashuka kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000, tulimshukuru Mungu, na bado namshukuru. Watoto wanasoma bila moshi wa koroboi machoni. Sihubiri turudi huko. Lakini sisi wa umri wa miaka arobaini na kitu tunakumbuka: taa ilikuwa moja, kwa hivyo tulikaa mahali pamoja. Kogo anasimulia, mahindi yanachomwa. Na kama mchana ulikosana na ndugu yako, usiku lazima ukae karibu naye, maana mwanga ni huo mmoja.

Mama mmoja wa kanisa amenikubalia nieleze hili bila jina lake. Stima ilipotea, simu zikaisha chaji, wakabaki jikoni karibu na moto, yeye na kijana wake wa kidato cha pili. Walikaa kimya muda mrefu. Halafu kijana akaanza kuongea. Kumbe tangu muhula uanze wavulana wakubwa wanampiga bwenini na kumnyang'anya pesa. Alikuwa nyumbani siku tano na hakuwa amesema neno. Mama ananiambia, Pasta, nadhani aliweza kwa sababu sikuwa namwona uso. Nilimwambia tutaomba, lakini kesho yake aende shuleni na baba ya mtoto. Walienda.

Je, stima ingekuwepo usiku ule?

Sasa mimi naomba hivi. Chagueni usiku mmoja kwa wiki, mzime TV na mzime data kwa hiari yenu, saa moja tu. Msisubiri mti uanguke. Anza na kuuliza, siku yako ilikuwaje, kisha unyamaze usikie jibu. Biblia isomwe na mtoto, hata akikwama kwa majina.

Na siku stima ikipotea yenyewe: jiko la makaa lisilale chumbani mlango ukiwa umefungwa, ile hewa yake inaua watu usingizini. Mshumaa ukae mbali na pazia. Waya ukianguka shambani, msiuguse, na msimruhusu mchuma chai aingie mistari hiyo. Halafu mpitie wazee wanaoishi peke yao. Kubisha mlango tu kunatosha.

Ijumaa tuna kesha, kuanzia saa tatu usiku. Stima ikipotea, jenereta haitawashwa. Wapiga kinanda msinipigie simu, tutapiga makofi. Njooni na tochi, ile njia ya kuteremka kanisani imekuwa matope.

Mbarikiwe.