Sola za Kabuta: samaki wakioza, nani analipa?

Machi ndiyo mwezi wa mtihani Kabuta na ufuko wote wa Mweru wilayani Nchelenge. Zuio la uvuvi ambalo Zambia huliweka kila mwaka kuanzia Desemba 1 linakwisha na Februari, mitumbwi inarudi majini, na friza zilizokaa nusu tupu zinajazwa kwa siku chache. Lakini mvua za Luapula zinakuwa hazijakatika na mawingu bado mazito. Mtambo wa sola uliofungwa Januari ukaonekana mzima kwa wiki sita unakutana na mzigo wake wa kweli kwa mara ya kwanza. Ukizima usiku, asubuhi mwenye nyumba na fundi hawasalimiani.

Ugomvi wa aina hii ulipata nguvu na ukame wa 2024. Rais Hakainde Hichilema alitangaza ukame huo kuwa janga la taifa Februari 29 mwaka huo. Nchi inayotegemea maji kwa zaidi ya asilimia 80 ya umeme wake haikuwa na pa kukimbilia. Mgao ulianza Machi kwa saa 8 kwa siku, na baadaye mwaka huo, katika maeneo mengi, ukavuka saa 17. Kwa muuza nguo hiyo ni kero. Kwa mwenye friza ya samaki ni mtaji unaooza. Aliyeweza kununua paneli alinunua, na wengi waliunganisha kazi mbili kwa mkupuo mmoja: nyumba inaezekwa mabati mapya, chumba cha friza kinaongezwa, na sola inapanda juu ya paa hilo hilo.

Hapo ndipo lawama hukosa mwenyewe. Mjenzi ni mtu mmoja, aliyeuza vifaa ni mwingine, aliyevifunga ni wa tatu. Paa likivuja, mjenzi anamwonyesha kidole fundi wa sola kwamba ametoboa bati kwenye bonde badala ya kwenye mgongo. Fundi naye anajibu kuwa mbao za paa zilipangwa kubeba bati jembamba tu, wakati paneli moja kubwa ina uzito unaozidi kilo 25. Betri ikiisha usiku, fundi anamlaumu muuzaji, na muuzaji anasema kifaa kilitoka dukani kizima, kaulize kilifungwaje. Kila mmoja ana neno la kweli kidogo, na mwenye nyumba anabaki na samaki wanaonuka.

Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya kesi hizi ingemalizwa kwa hesabu ya kawaida kabla ya pesa kutoka mfukoni. Chukua betri ya asidi ya volti 12 yenye alama ya 200Ah. Kwenye karatasi ina wati 2,400 kwa saa moja. Betri ya aina hiyo haitakiwi kutumika chini ya nusu, la sivyo inakufa mapema, kwa hiyo zinabaki 1,200. Inveta nayo inakula asilimia kumi na kitu, zinabaki kama 1,050. Friza kubwa inayovuta wati 150, ikiwa imejazwa samaki wabichi wenye joto, haipumziki. Gawanya: saa saba. Jua likizama saa 12 jioni, umeme unaisha saa 7 usiku, na alfajiri bado iko mbali. Fundi hakuiba kitu. Aliuza betri moja kwa kazi ya betri mbili, au mteja alitaka bei ya betri moja na kazi ya mbili. Mara nyingi ni yote mawili.

Kuna pia wakati wa kuwasha. Kompresa ya friza inapoanza huvuta umeme mara kadhaa ya kiwango chake cha kawaida. Inveta iliyochaguliwa kwa kuangalia wati za kawaida tu itazima kila friza inapojiwasha, na itaonekana mbovu wakati haina kasoro yoyote.

Udanganyifu wa kweli upo pia, na unaweza kukamatwa kwa futi ya seremala. Mita moja ya mraba ya paneli nzuri hutoa takriban wati 200, na bora kabisa inazidi hapo kidogo. Paneli yenye urefu wa mita 1.6 na upana wa mita 1 haiwezi kuwa ya wati 550 hata kibandiko chake kikiapa, kwa sababu paneli ya wati 550 inakaribia urefu wa mita 2.3. Mfanyabiashara anayepitisha paneli Nakonde kwenda Kasama na kushuka mpaka ziwani anafanya vizuri kupima kabla ya kupakia. Akishafika Kabuta, yeye ndiye muuzaji na kibandiko ni chake.

Kwa upande wa fundi, malalamiko yake hayasikiki sana lakini yana uzito. Anafunga mtambo wa friza moja, wiki ya pili mwenye nyumba anaongeza friza ya jirani kwa kulipwa, halafu televisheni, halafu pasi. Mtambo unakufa na fundi anaitwa tapeli hadharani. Au kazi inakwisha na salio halilipwi mpaka msimu ufunguke, naye ana familia ya kulisha Januari hiyo hiyo.

Sheria ya Zambia haiko kimya. Sheria ya Ushindani na Ulinzi wa Walaji namba 24 ya 2010 inamtaka anayetoa huduma aifanye kwa uangalifu na ujuzi unaostahili. Akishindwa, arudishe pesa au airudie kazi ndani ya siku saba. Aliyeuza kifaa kibovu naye ana siku saba, abadilishe au alipe. Lile tangazo la dukani kwamba mali ikishauzwa hairudishwi halina nguvu mbele ya sheria hiyo. Malalamiko yanapelekwa kwa tume ya serikali ya ushindani na ulinzi wa walaji, CCPC. Pia anayeuza au kufunga mitambo ya sola kibiashara anatakiwa kuwa na leseni ya bodi ya nishati, ERB, na mteja aombe kuiona kabla ya kutoa kianzio. Ipo pia mahakama ya madai madogo, ambako mawakili hawaruhusiwi na mlalamikaji hujisemea mwenyewe, ingawa haipatikani kila wilaya. Tatizo ni umbali. Kutoka Nchelenge hadi Mansa, makao makuu ya mkoa, ni zaidi ya kilomita 200, na samaki hawangoji barua ijibiwe.

Kwa anayevuka mpaka mambo ni magumu zaidi. Inveta iliyonunuliwa Kariakoo ina waranti ya Kariakoo, na kuidai maana yake ni kuirudisha dukani huko. Fundi wa Kashikishi akivuka ziwa kwenda kufunga mtambo Kilwa au Pweto, anafanya kazi chini ya sheria ya Kongo. Jumuiya zipo nyingi lakini hazikutani vizuri. Kongo iliingia rasmi Jumuiya ya Afrika Mashariki Julai 2022, na iko COMESA na SADC pia. Zambia iko COMESA na SADC lakini si Afrika Mashariki. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000. Utaratibu rahisi wa biashara wa COMESA unamsaidia mfanyabiashara mdogo kwenye forodha. Haumsaidii kumdai mtu aliyemfungia mtambo usiofanya kazi. Viongozi wanaozungumzia soko moja wangefanya jambo la maana kuanza na hili la madai madogo ya ng'ambo, maana ndilo linalowafanya watu wa pande mbili za ziwa kuogopana.

Mpaka hilo lifanyike, kinachobaki ni karatasi na salio. Karatasi isiandikwe tu kwamba "mtambo umefungwa". Iandikwe mzigo: friza ngapi, wati ngapi, kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi, na nani anawajibika kwa paa. Friza ikiongezwa baadaye, ahadi ya fundi inaishia hapo, nalo hilo liandikwe. Mwenye nyumba azungumze Kibemba na fundi Kiswahili cha Katanga, namba zinasomeka vilevile. Sehemu ya malipo ya kazi ikae kwa mtu wa tatu ambaye wote wanamwamini, kama mwenyekiti wa soko, ili fundi asihofu kudhulumiwa wala mwenye nyumba asihofu kukimbiwa.

Na kwa kuwa zuio la uvuvi huacha friza bila mzigo, mtambo unaofungwa miezi hiyo upimwe kwa maji. Lita 20 za maji ya ziwani zikigawanywa kwenye chupa na kuwekwa ndani ya friza jioni ya siku yenye mawingu, kompresa itafanya kazi usiku kucha kama samaki wangekuwamo. Kinachotazamwa si barafu. Ni saa ambayo inveta imezima, kama imezima. Usiku tatu za namna hiyo zikipita salama, mwenyekiti wa soko anamkabidhi fundi salio lake, na Machi bado haijafika.