Ada za usimamizi wa nyumba ughaibuni: Mpangaji alipe nini?

KIJANA anayeondoka Same kwenda kusoma Ulaya, au kufanya kazi katika nchi za Ghuba, huondoka na fedha za watu wengi. Tangawizi ya Mamba Miamba huuzwa, ndugu walioko Moshi na Dar es Salaam huchanga, na hesabu hupigwa kwa mambo matatu: nauli, karo na kodi ya pango. Mara nyingi hesabu hiyo huvurugika mwezi wa kwanza tu, ankara ya pango inapofika ikiwa na mambo ambayo nyumbani hakuna aliyeyataja: usafi wa ngazi, lifti, bima ya jengo, ada ya usimamizi.

Swali linalofuata huwa moja: je, ni halali au ni wizi? Jibu hutegemea nchi, na asiyelijua hulipa yote.

Kwa Mpare, wazo lenyewe la kuchangia kitu cha wote si geni. Katika miteremko ya Upare, wakulima wamekuwa kwa vizazi vingi wakikusanya maji katika mabwawa madogo yaitwayo ndiva, ambayo hujazwa usiku na kufunguliwa mchana ili mashamba yapate maji kwa zamu. Tope likijaa, huitishwa msaragambo, na asiyefika hutozwa faini. Mchango huo hukubalika kwa sababu kazi inaonekana, wanaonufaika wanajulikana, na wachangiaji wenyewe hukutana kuulizana.

Jengo la ghorofa halina tofauti kubwa na ndiva. Paa, ngazi, lifti na pampu ya maji ni vya wote, na lazima vitunzwe. Tofauti ni kwamba kazi ya mikono imegeuzwa fedha, na fedha hizo hukabidhiwa kampuni ambayo mpangaji huenda asikutane nayo hata mara moja. Hapo ndipo sheria inapochukua nafasi ya mkutano wa kijiji.

Nchini Ujerumani, kodi hugawanywa mara mbili. Ipo Kaltmiete, yaani kodi "baridi" ya chumba chenyewe, kisha gharama za uendeshaji kama maji, taka, lifti, usafi na bima ya jengo. Mgeni anayelinganisha nyumba kwa kutazama kodi "baridi" pekee hujidanganya. Hata hivyo, kanuni zilizoanza kutumika mwaka 2004 haziruhusu gharama za utawala wa jengo wala za matengenezo kuingizwa katika gharama hizo za uendeshaji. Aidha, fedha zinazolipwa kila mwezi ni za makadirio tu: mwenye nyumba hutakiwa kutoa hesabu kamili ndani ya miezi 12 baada ya kipindi cha hesabu kwisha. Akichelewa kwa uzembe wake, hupoteza haki ya kudai nyongeza. Mpangaji naye ana haki ya kuona risiti.

England imechukua njia nyingine. Sheria iliyoanza kutumika Juni 1, 2019 ilipiga marufuku ada nyingi ambazo mawakala waliwatoza wapangaji, zikiwamo za kuandaa mkataba na kuhakiki sifa za mwombaji. Amana nayo imewekewa kikomo cha kodi ya wiki tano, kwa nyumba ambayo kodi yake ya mwaka haifikii pauni 50,000. Ada ya huduma za jengo kwa kawaida hudaiwa mmiliki wa fleti, ambaye huifidia ndani ya kodi anayopanga.

Dubai pia, ada ya huduma za jengo ni mzigo wa mmiliki. Lakini mpangaji hubeba ada ya manispaa, asilimia 5 ya kodi ya mwaka, ambayo hugawanywa kwa miezi na kuunganishwa na ankara ya umeme na maji. Anayeiona kwa mara ya kwanza hudhani umeme wa huko hauna bei, kumbe sehemu ya ankara hiyo haihusiani na umeme kabisa.

Tanzania yenyewe ina Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Jengo ya mwaka 2008, inayowaweka wamiliki wa fleti katika umoja unaochangia gharama za maeneo ya pamoja. Lakini wapangaji wengi wa mijini wamezoea zaidi kodi ya miezi kadhaa kwa mkupuo na malipo ya dalali, ambayo mara nyingi hayana risiti. Mazoea hayo ndiyo yanayomponza msafiri: hulipa kwanza, kisha huuliza.

Utaratibu huo hauna budi kugeuzwa. Kabla fedha za ukoo hazijatumwa, mkataba usomwe na kila ada iulizwe maswali matatu: ni ya kazi gani, sheria ya nchi hiyo inamtaka nani ailipe, na hesabu yake itatolewa lini. Ada yenye majibu ni mchango halali, na kuikwepa ni sawa na kukwepa msaragambo huku ukisubiri zamu ya maji. Ada isiyo na majibu isilipwe mpaka majibu yapatikane kwa maandishi.