Kazi nyepesi si kukosa kazi

Nina maoni kuhusu sisi wafanyakazi tunaorudi kazini tukiwa na ugonjwa wa moyo wa kudumu.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku pembezoni mwa Temeke. Nilibadilishiwa valvu moja ya moyo, iliyoharibika tangu utotoni kwa maradhi yaliyoanzia kwenye koo lisilotibiwa. Zamani wagonjwa wengi wa aina yangu walisubiri kupelekwa India. Upasuaji wa moyo ulianza Muhimbili mwaka 2008, na mwaka 2015 ikafunguliwa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Siku hizi wengi tunatibiwa hapa hapa nchini na kurudi majumbani. Taabu iko huku tunakorudi.

Daktari aliniandikia kazi nyepesi kwa miezi mitatu. Mkuu wangu wa kazi, kwa huruma, aliniondoa darasani kabisa. "Dada, kaa tu ofisini, usije ukatufia ubaoni." Nikakaa, nikipiga mistari kwenye daftari la mahudhurio. Miezi mitatu ikapita, darasa sikurudishiwa. Baadaye huruma nayo ikageuka: kila siku ya kliniki naulizwa kama naumwa kweli au nategea, maana nimenenepa na kovu limefunikwa na gauni.

Ndugu Mhariri, kufundisha naweza. Nisichoweza ni kukimbia mchakamchaka, kubeba ndoo za maji na kubanwa wima kwenye daladala. Nameza dawa ya kuzuia damu isigande. Ikipungua, damu inaweza kuganda kwenye valvu. Ikizidi, naweza kuvuja damu. Ndiyo sababu napimwa kwa tarehe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatoa siku 126 za likizo ya ugonjwa katika miezi 36, na ni jambo jema. Lakini mimi nitapimwa damu maisha yangu yote.

Nawaomba maafisa elimu wawaelekeze walimu wakuu wafuate barua ya daktari kama ilivyoandikwa, na tarehe za kliniki ziingizwe kwenye ratiba mapema ili mwenzangu ajue siku ya kunishikia kipindi.

Shule inafunguliwa Jumatatu. Ratiba imekwisha kubandikwa na jina langu halimo.

Mwalimu,
Temeke, Dar es Salaam.